Ransom Maddox Anacheka

Machi 30
Daktari wa macho amesema kilichopotea hakirudi. Alisema polepole, kama mtu anayemwekea mgonjwa sahani mapajani. Presha ya macho imeshakula jicho la kushoto, na la kulia limebakiwa na tundu dogo la kuchungulia, nalo linaziba. Matone ni ya kuchelewesha tu.

Hosea akamwuliza, "Msimu huu nitauona?"

Daktari akasema ndiyo, maua yatakuwa bado yapo. Nikamweleza kwamba mume wangu anaulizia besiboli. Daktari akatazama viatu vyake.

Naandika humu kwa sababu Hosea hataki nimlilie, na kanisani ukianza kulia watu wanakushika mabega kabla hujamaliza.

Aprili 5
Msimu umefunguliwa. Redio iko juu ya friji, sauti imefunguliwa mpaka mwisho kana kwamba kilichoharibika ni masikio. Nimepika sukumawiki na shingo za bata mzinga, na mkate wa mahindi. Hosea ameyavuta masanduku ya viatu kutoka chini ya kitanda akayapanga mezani nilipotaka kuweka sahani.

Humo ndimo walimo wachezaji wake, kwenye picha. Wote ni watu weusi wa zile ligi zetu za zamani, siku wazungu walipotufungia za kwao. Wengine alinunua kwa wajane, wengine kwenye magazeti yaliyofunga milango, wengine aliwaokota Birmingham hii hii kwenye vitu vilivyotupwa barabarani. Anataka picha iliyosafishwa siku zile zile, na mhuri wa gazeti mgongoni. Ukimletea nakala ya juzi anakurudishia kama uliyempa noti bandia.

Mimi naziita wake wenzangu. Nilizikuta, na zimelala karibu na kichwa chake kuliko mimi.

Aprili 9
Ving'ora vya kimbunga vimelia. Tukashuka chini ya nyumba. Mimi nilichukua Biblia, yeye masanduku ya viatu. Upepo ukapitia upande wa pili wa mji. Bwana asifiwe.

Aprili 24
Alvertis Boykin alikuja. Ni rafiki yake wa kukusanya picha, mtu ambaye hajawahi kupita kwangu jikoni pakiwa pamepoa.

"Shemeji, harufu nimeipata toka kwenye taa za barabarani."

"Uliyopata ni njaa yako mwenyewe," nikamwambia. "Kaa."

Walipomaliza kula, Boykin akamwuliza Hosea anaona nini sasa. Hosea akasema anaona mwanga wa dirisha, na Boykin kama gunia lililosimama.

"Hata mwenye macho ananiona hivyo," Boykin akasema. Akazichanganya picha kama karata, akamkabidhi moja. "Haya, kipofu, tuone."

"Kipofu babu yako." Hosea akaishika, akageuza uso dirishani. Kidole gumba kilipita mara moja. "Otha Greenlee, mdaka mpira. Amevunjika kidole, anaficha mkono kwenye glovu."

Ilikuwa kweli. Akapewa nyingine, na nyingine, na kila mmoja akamtaja jina, na siku, na utani wake. Boykin akachomeka katikati nakala yake mwenyewe. Hosea akairusha mezani. "Hii imesafishwa jana. Nipe watu wangu."

Kisha akapewa moja akatulia nayo. "Na huyu ni Ransom."

Ransom Maddox alikuwa mrusha mpira. Hosea alimwona yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka tisa, amekaa mabegani kwa baba yake uwanjani. Anasema yule bwana alikuwa anarusha huku anacheka, mpigaji anajiuliza kinachochekwa ni nini, na mpira umeshapita. Katika picha ameinua mguu, kichwa kimerudi nyuma, na pengo lake la mbele linaonekana. Baba yake Hosea alifia kiwanda cha mabomba mwaka uliofuata, kwa hiyo ukisikia Hosea anamtaja Ransom, jua wako wawili anaowataja.

Nilisimama na mwiko mkononi. Macho ya mume wangu yalikuwa dirishani, hayakushuka hata mara moja. Nikajua ninachokitazama ni kazi ya Bwana.

Mei 2, Jumapili
Nimetoa ushuhuda. Nilisema Bwana amefunga macho ya nje akafungua ya ndani, kwamba Hosea anawaona wale watu rohoni, mmoja mmoja kwa jina. Kanisa lilisimama. Niliimba njia nzima ya kurudi, hata nikapitiliza kona yetu. Hosea alikuwa ananipapasa tu mkono.

Mei 20
Amejigonga kwenye fremu ya mlango. Mlango wetu wenyewe, wa miaka yote. Alisema fremu imesogea. Nikasema nitaisemesha.

Juni 6
Kahawa imemwagika juu ya Otha Greenlee. Niliipangusa mbio lakini doa limebaki kifuani. Picha hizi zinashikwa kutwa na mikono yenye jasho na mafuta ya kuku. Mimi nikiwa kazini, nikipakulia watoto chakula shuleni, nani anatazama? Kuna siku nitarudi nikute zimekuwa uji.

Juni 13, Jumapili
Nilimweleza Dada Verdell Crume habari ya kahawa. Huyu anafanya kazi nyumba ya mazishi, na mashine ya kufunga karatasi ndani ya plastiki kwa moto iko mikononi mwake. Kwetu hazikwi mtu bila Verdell kuitia plastiki karatasi ya wasifu wake, ile yenye picha na majina ya wafiwa. Fungua Biblia yoyote kanisani, zitakumwagikia. Mama yangu ninaye kwenye Zaburi, na yuko vilevile kama siku tulipompumzisha.

Verdell nimekuwa nikimwona mtu wa kujipachika kwenye kila jambo. Leo alinishika mikono yote miwili.

"Dada Odessa, nipe hao wachezaji. Siku ya Wanaume tumkabidhi mbele ya kanisa. Hata wakimwagikiwa mchuzi, unapangusa tu. Hawafifii mpaka Yesu arudi."

"Ataziulizia."

"Mwambie umezipeleka zikafanyiwe usafi. Si uongo huo."

Nililia pale pale kwenye ngazi za kanisa. Nilikuwa nimemdhania vibaya.

Julai 2
Hosea anauliza kila siku picha zinarudi lini. Nasema karibu. Anapapasa meza palipokuwa na masanduku, kama mtu anayetafuta miwani.

Joto limezidi. Timu yetu imeshindwa tena.

Julai 18, Siku ya Wanaume
Nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Alivaa suti ya bluu. Mchungaji alimwita mbele, Verdell akaleta sanduku jipya lenye utepe. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba amezikata pembe za plastiki zikawa mviringo, zisimchome Ndugu Hosea vidole. Watu wakapiga makofi. Wanaume wengine walikuwa wanafuta macho.

Hosea alikuwa anatabasamu. Akafungua, akatoa moja, kidole gumba kikapita. Kikapita tena. Akaigeuza, akapapasa mgongo. Akairudisha akatoa nyingine. Akatoa ya tatu. Lile tabasamu lilibaki usoni pake kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, na ndipo nilipoona anachokifanya kile kidole. Miezi yote kilikuwa kinafanya hivyo mbele yangu, nikawa natazama macho.

Akaomba kipaza sauti. "Asanteni, ndugu zangu. Kazi nzuri. Dada Verdell, kazi nzuri sana." Kwaya ikaanza.

Kwenye gari, tulipovuka reli, akaniuliza.

"Odessa, ni zote?"

"Zote."

"Na Ransom?"

"Na Ransom."

"Nipe Ransom."

Nilisimamisha gari pembeni, nikamtafuta, nikampa. Alimshika mpaka tukafika nyumbani. Kwenye ngazi akaniuliza, "Uliyenipa ni nani?"

"Ni Ransom, mume wangu. Si umemwomba?"

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayesema."

Julai 19
Redio haikuwashwa.

Julai 22
Leo amezungumza. Nilikuwa namenya mapichi, yeye amekaa mlangoni mwa jikoni kwenye upepo.

"Zilikuwa na ngozi zao," akasema. Otha amebandikwa nyuma kipande cha gazeti, kimeinuka pembeni. Mwingine ana mkunjo katikati. Mwingine karatasi yake nene kama kadi. Ransom ana tundu la pini kwenye pembe, na mchoraji wa gazeti alimzungushia kichwa rangi nyeupe ili atokeze kwenye chapa, ile rangi ikakauka ikaacha ukingo. "Nilikuwa nikigusa ule ukingo nampata kichwa chote. Nikipata kichwa, anacheka. Sasa wote ni dirisha. Napapasa dirisha."

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia ni vidole? Nimesimama mbele ya kanisa."

"Siku ile ulirudi unaimba," akasema. "Tangu kwa daktari sikuwa nimekusikia ukiimba."

Nikaendelea kumenya.

Julai 25, Jumapili
Bwana, sikuulizi kwa hasira. Nilisema ni roho, kumbe ni karatasi. Lakini karatasi nayo si ni yako? Ungeninong'oneza tu, mwezi wa sita, pale kwenye ngazi.

Agosti 3
Boykin alikuja, hakuuliza kuna nini jikoni. Alichukua picha moja akaipeleka kwenye mwanga, akairudisha mezani kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Nilimfuata nje. "Hakuna namna ya kuzivua?"

"Shemeji, usizibandue. Gundi ya ile plastiki inaushika uso wa picha kuliko karatasi inavyoushika. Ukivuta, uso unabaki kwenye plastiki, wewe unabaki na karatasi."

"Na wataalamu?"

Alikuwa ameshampigia mtu wa jumba la makumbusho, anayetibu picha za zamani. Naye alisema hivyo hivyo. Boykin alisimama na kofia yake mkononi kwenye jua lile. Miaka yote nilidhani anakuja kwa ajili ya chakula.

Agosti 8, Jumapili
Sasa namsomea migongo. Natoa moja, nasoma mhuri, jina, tarehe. Nilidhani akisikia jina habari zitakuja zenyewe. Anasikiliza mpaka nimalize.

"Sawa," anasema. "Mwingine."

Tumesoma sanduku zima hivyo. Sawa, mwingine. Sawa, mwingine. Kama mtu anayeitikia majina ya watoto wa darasa asilolifundisha.

Agosti 14
Verdell amekuja na pai ya mapichi. Nilikuwa nimejiandalia maneno, makali, ya siku nyingi. Aliposikia jambo lenyewe kwa Boykin alifunika ile mashine kwa kitambaa, na wiki hii familia ya Ndugu Purifoy wamezika bila plastiki.

"Dada, niseme nini?" akaniuliza. "Niambie cha kusema nikiseme."

Nikaona vidole vyake. Vina alama za kuungua, zinaanza kupona. Alizipitisha zile picha moja moja baada ya kazi, kwa sababu alisema mashine ikienda haraka inakunja pembe. Nikatoa sahani. Tulikula pai. Hosea alimwambia ni pai nzuri, na Verdell akalia.

Agosti 27
Joto. Mvua hakuna. Nyasi zinalia ukizikanyaga. Hosea amekaa.

Septemba 5, Jumapili
Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Watu wakanigeukia. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Septemba 11
Boykin amempeleka Hosea kinyozi. Nilikuwa peke yangu, na mchana wote mbele yangu.

Nilisali kwanza. Sikuomba zote. Niliomba mmoja tu. Nilisema, Bwana, wengine waache kwenye madirisha yao, nipe huyu mmoja. Nilitandika taulo mezani, nikachukua wembe na kile kisu chembamba cha samaki.

Nilianzia pembe ya tundu la pini. Plastiki ikakubali. Nikaingiza kisu chini yake, nikainua kidogo, na karatasi ikatokea, safi, na tundu lake. Nikasema Boykin naye si malaika, na mtu wa makumbusho hajui niliyemwomba. Nikavuta, taratibu kama ninavyobandua plasta kwa mtoto. Mguu ulioinuliwa ulipona kwa sehemu. Bega lilipona. Nikafika kichwani.

Iliachia kwa sauti ndogo. Nikageuza plastiki. Ransom Maddox alikuwa kule, upande wa gundi, kichwa chote na ukingo wake wa rangi, amechanika vipande vipande na pengo lake. Mezani palibaki karatasi nyeupe yenye manyoya, kiasi cha kiganja.

Nilijaribu kuurudisha uso. Niliukandamiza kwa kidole, ukatoka kama majivu. Kila nilipoushika ulipungua, kwa hiyo nikaacha kuushika.

Waliporudi Hosea alinukia poda ya kinyozi. Akasema, "Mbona nyumba kimya?" Nikasema naumwa kichwa, na kweli nilikuwa naumwa kichwa.

Septemba 12, Jumapili
Nimepeleka mwili wangu tu kanisani.

Septemba 23
Picha niliiweka chini kabisa ya sanduku. Nimetaka kumwambia asubuhi, nikasema akishakunywa chai. Akanywa chai. Nikasema jioni.

Mvua imenyesha, ya kwanza. Alitoka akasimama kibarazani akainyooshea mkono.

Oktoba 3, Jumapili
Baada ya ibada nilikuwa napasha maharage. Nilimsikia anavuta sanduku. Siku hizi huzipitia mwenyewe bila kuniomba kusoma, anazihamisha tu kutoka mkono huu kwenda ule. Nikasikia amesimama. Si kwa miguu, kwa mikono. Ile sauti ya plastiki ilikoma.

"Odessa."

Nikageuka. Alikuwa ameishika, kidole gumba kwenye pembe.

"Tundu la pini," akasema.

Niliufungua mdomo. "Hosea, hiyo picha, mimi ndiye..."

"Najua ni wewe. Umeivua. Boykin alikukataza, nawe ukaivua." Kidole kikapanda, kikapita mguuni, begani, kikafika pale penye manyoya. Kikazunguka. Kikarudi, kikazunguka tena. "Na rangi ya mchoraji hii hapa. Imechubuka kidogo, lakini ipo." Uso wake ukageukia dirishani kama zamani. "Huyu hapa. Kichwa chote. Odessa, huyu hapa anacheka."

Maharage yalikuwa yanaungua. Sikuyaondoa.

Akaanza kusema. Alisema siku ile baba yake alimnunulia karanga akazimaliza mwenyewe. Alisema mpigaji wa mwisho alikuwa jitu la kutoka Memphis, na Ransom akamwangalia, akacheka, na uwanja mzima ukaanza kucheka bila kujua sababu, na yeye kule juu akahisi mabega ya baba yake yanatikisika chini ya mapaja yake. Ndivyo alivyojua baba naye anacheka. Jambo hili la mabega sijawahi kulisikia, na nimeolewa naye tangu msichana. Alisema yote hayo kidole kikizunguka kwenye karatasi nyeupe.

Kisha akaniuliza, "Amefifia?"

Niliitazama. Nikamtazama yeye.

"Yuko kama unavyomshika," nikasema.

"Asante, mke wangu."

Oktoba 4
Boykin alikuja, Hosea akamwonyesha. "Shika hapa, kipofu," akamwambia, "ujifunze kazi." Boykin aliangalia ile picha, akaniangalia mimi, muda mrefu. Akavua kofia.

"Bwana wee," akasema. "Huyo ni Ransom kweli."

Alikula sahani mbili.

Oktoba 10, Jumapili
Verdell ameuliza kama ni kweli moja imepona. Habari imemfikia, sijui kwa nani. Nilimshika mkono wenye alama nikamwambia Hosea anaisemesha. Akaniomba nitoe ushuhuda. Nikamwambia huu bado sijauelewa.

Oktoba 28
Msimu umefungwa jana. Si timu yetu iliyochukua. Hosea alizima redio mwenyewe, akasema tutaonana Aprili, kama anaaga mtu.

Hata ule mwanga wa dirisha sasa haupo. Asubuhi aliniuliza kama kumekucha.

Kila baada ya chakula ananiomba Ransom. Nimeomba msamaha kwa Bwana kila siku, na kila siku nimeirudia dhambi ile ile, na sioni nitakapoachia. Nikimwambia, nitakuwa nimempokonya mara ya pili. Nisipomwambia, nakaa hapa nikitazama. Wakati mwingine, akiwa anasimulia, nami huliona lile pengo. Kisha nakumbuka nilipolionea mara ya mwisho.

Ni mtu wa taratibu zake. Hataki nimpe picha kinyumenyume, anasema si vizuri kumlalisha Ransom kifudifudi. Kwa hiyo nafuta mikono kwenye aproni, naitoa sandukuni, naiangalia vizuri kwanza, na kuiweka kwenye viganja vyake, uso juu.